Jiko Lisilowashwa

Mwaka 1965, nikiwa na miaka saba, taabu ilianza. Tulitoka nyumbani Juba, mama, mdogo wangu na mimi, tukashika njia ya Uganda kwa miguu. Baba alisema atafunga mbuzi kisha atatufuata. Hakutufuata. Hilo nimelisema na sitalirudia, maana sikukaa chini kuandika habari za baba. Nimekaa kuandika habari za kazi.

Jina langu ni Kiden. Pale mwaloni, wanapotia nanga wavuvi, mliniita Mama Kiden, wadogo wakaniita haboba kama mnavyowaita bibi zenu, na wengine nyuma ya mgongo wangu mkaniita Moshi. Nilisikia. Nimestaafu mwaka huu, na ninyi mliobaki mmeniomba niwaachie yale ninayoyajua. Mtu asitafute humu vyeo wala mshahara. Shule nilifika darasa la pili, mama akaugua nikatoka. Kusoma nilikumalizia kwenye mifuko ya chumvi na vibao vya makanisa. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha, ninyi mliokulia Uganda, ninyi mliokulia Kenya na mimi. Kiarabu cha Juba nakisema tangu asubuhi hadi jioni, lakini kukiandika sijui.

Kiswahili nilikipata pamoja na kazi, kwa mtu mmoja. Mama alitufikisha ufukweni mwa Ziwa Albert, na hapo jirani yetu alikuwa Mama Furaha, mwanamke aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo akiwa na sufuria mbili na mume mgonjwa. Alikuwa akikausha samaki kwa moshi na kuwauzia wachuuzi wa Arua. Siku ya kwanza alinipa beseni la samaki, akaenda kumgeuza mumewe kitandani. Nikawatumbua, nikawaosha, nikawapanga juu ya moto wakiwa bado wanadondosha maji. Nilijiona hodari. Aliporudi aliangalia tu.

"Binti, unapika au unakausha?"

"Nakausha, mama."

"Samaki mwenye maji akiwekwa juu ya moto anachemka. Hao umewachemsha. Keti ule."

"Wote?"

"Kwani wewe unaona nani atawanunua?"

Nilikula mpaka nikatapika. Ninyi niliowafundisha, mkinung'unika kwamba nilikuwa mkali, jueni kwamba mimi sikumlisha mtu beseni zima.

Kwa Mama Furaha nilijifunza yote ambayo baadaye nililipwa kwa kuyajua. Samaki apasuliwe mgongoni, alale kwenye maji ya chumvi, kisha atandazwe kwenye chanja upepo umpige mpaka ngozi yake ikamate kidole. Ndipo aingie kwenye moshi. Moto uanze na nguvu kidogo, halafu ushuke, ubaki makaa na moshi mwembamba. Moshi mweupe mzito ni mwongo: unampaka rangi nje, ndani anaoza. Kuni ziwe kavu na ngumu. Mbao za mtumbwi uliovunjika usiziguse hata kama zimelala bure ufukweni, kwa sababu zina lami, na lami haitoki kwenye nyama. Kupima joto alinifundisha hivi: weka kiganja juu ya wavu wa waya umsalimu mwenzako, umuulize habari za watoto na habari za shamba. Ukiweza kumaliza salamu bila kuondoa mkono, moto uko sawa. Ukiuondoa kabla ya watoto, unaunguza. Ukifika mpaka kwenye habari za ng'ombe, huo si moto, ongeza kuni.

Huko nikaolewa, huko nikamzika mama, huko nikamzika mume. Watoto Mungu hakunipa. Amani ya Sudani ilipotiwa sahihi mwaka 2005 nikarudi Juba, nina mvi tayari, nikidhani maji ni maji.

Si hivyo. Kule ziwani maji hayakuwa na mwenyewe. Ukiwa na mtumbwi na nyavu unaingia. Mto wa hapa, huu Nile, una wenyewe. Pale mwaloni kwetu, chini ya mji, kuna ukoo unaoitwa wenye maji. Hawavui kuliko wengine, wala hawachukui kitu cha mtu. Kazi yao ni moja: mto ukimchukua mtu, wao ndio huingia kuyaosha maji. Mpaka wayaoshe, mjane wa aliyezama hashiki samaki, wala hawashi moto wa samaki. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilicheka. Mzee mmoja, Mzee Pitia, aliyekuwa akishona nyavu, hakuinua hata macho.

"Cheka tu," akasema. "Wewe ni mtu wa ziwa."

Nilikuta wanawake wanakausha kwenye mapipa yaliyokatwa nusu. Samaki anaungua mgongo, tumboni ana damu. Mvua zikianza, mzigo mzima unaingia fukusi kabla haujafika soko la Konyokonyo. Sikumwambia mtu neno. Nilichimba udongo wa kichuguu, nikaukanda na nyasi zilizokatwakatwa, nikajenga jiko langu la moshi kwenye ukingo wa mto, la kufika kiunoni, lenye mdomo wa kuni chini na waya juu. Walinicheka kwa kulikanda kama mtoto anayecheza. Samaki wangu walipokaa sokoni wakati wa mvua bila kutoboka, kicheko kikaisha.

Shirika la misaada lilikuja baadaye. Bwana Taban, aliyekuwa mkubwa wa mradi wa wavuvi, alisimama mbele ya jiko langu muda mrefu.

"Nani alilijenga?"

"Mimi."

"Una cheti cha kazi hii?"

"Nina jiko."

"Basi nijengee la pili, nione."

Akavua viatu, akakunja suruali, akakanyaga udongo pamoja nami mpaka jua likawa kali. Ndiyo maana nilimheshimu, wala si kwa sababu ya gari lake. Yeye ndiye aliyeniajiri niwafundishe wenzangu, na ndiye aliyenifundisha kuendesha mkutano. Aliniambia mwenye kikao husema mwisho, kwa sababu akianza yeye, wengine wote watasema alichosema. Mimi ni mtu wa kusema kwanza. Kujifunza kunyamaza kulinichukua miaka mingi kuliko kujifunza samaki.

Kesi ngumu zilikuwepo. Ya kwanza ilikuwa dawa. Kuna mama mmoja, sitamtaja, ambaye samaki wake walikuwa hawaingii dudu kabisa, hata mvua iweje. Nikanusa mzigo wake nikajua: alikuwa anawapulizia dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Sikumpeleka polisi. Nilimwita mbele ya wenzake, nikachukua samaki mmoja kwenye gunia lake, nikampa sufuria.

"Wapikie watoto wako, wale hapa hapa."

Akaiweka sufuria chini.

"Mbona hupiki?"

"Mama Kiden, malesh. Nisamehe."

"Walioko mjini nao ni watoto," nikamwambia. Gunia tukalichoma, jivu tukalizika mbali na maji. Yule mama mpaka leo anakausha vizuri sana, na mpaka leo hanisalimii.

Kesi ya pili ilizaa sheria, na sheria ndiyo iliyozaa haya yote ninayotaka kuwaambia. Majiko ya mradi yalikuwa machache na wanaoyataka walikuwa wengi. Mama mmoja akapewa jiko, akalifunika kwa bati, akatia kufuli, akaenda zake Arua kukaa msimu mzima kwa dada yake. Huku wenzake wanabeba kuni kichwani na kuzunguka na samaki wabichi wanaoharibika. Nikaitisha kikao kwenye rakuba, kibanda chetu cha nyasi. Nilisema mwisho, kama nilivyofundishwa. Tukakubaliana: jiko la mradi lisilowashwa mwezi mzima linapewa anayefuata kwenye zamu. Hakuna fulani wala binti wa fulani. Niliitunga mimi sheria hiyo, na ilifanya kazi. Magugu hayakuota tena kwenye mdomo wa jiko lolote.

Sasa nije kwa Keji.

Keji alikuwa mkono bora niliowahi kuufundisha. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Adjumani, Uganda, akaolewa huko na Modi, mvuvi, mtoto wa mwalo huu. Mume anavua, mke anakausha. Hawakuwa na kitu kingine chochote, ila watoto. Keji hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili. Samaki wake walikuwa na rangi ya chai ya rangi, kavu mpaka kwenye mfupa, na wachuuzi walikuwa wanamsubiri yeye ndipo wanunue kwa wengine.

Wakati wa maji makubwa, mto ulipokuwa unashusha visiwa vizima vya magugu na mafunjo, kisiwa kimoja kiliupiga mtumbwi wa Modi ubavuni. Aliyekuwa naye alishika magugu akapona. Modi hakuonekana. Wavuvi walitafuta kila kona mpaka mahali ambapo mto unagawanyika, wakatafuta kwa ndoano na kwa nyavu, wakatazama ndege wanapotua. Hawakumpata. Mto huu ukitaka kuficha, unaficha.

Keji alikaa chini penye mtumbwi uliorudishwa. Alikaa pale siku nyingi. Halafu akasimama akarudi kwa watoto, lakini kwenye jiko lake la mradi hakuja.

Kikao kikagawanyika. Wanawake waliorudi kutoka Uganda walisema, mwacheni awashe moto, watoto wapate kula. Wa mwaloni wakauliza nani atanunua samaki aliyeshikwa na mjane ambaye maji yake hayajaoshwa. Nikaenda kwake mwenyewe, nikamkuta anapepeta mtama wa kuombaomba.

"Keji, washa moto. Mimi nitasimama nyuma yako. Atakayesema, aseme kwangu."

"Haboba, si wao ninaowaogopa."

"Ni nani basi?"

"Nikishika samaki leo nitakuwa nimesema Modi amekwisha. Hajakwisha. Yumo humo humo." Akaonyesha mto kwa kidevu. "Hakuna aliyemwambia aende. Nimtoe mimi kwa kisu cha samaki?"

Mimi ni mtu wa ziwa, lakini hapo sikucheka. Nikaona kwamba kazi iliyopo si ya udongo wala kuni. Ni kumtafuta mwenye maji.

Ukoo ule vita viliutawanya; mwenye maji wa mwisho alikuwa Mzee Lokule, naye alikufia ugenini. Katika watoto wake aliyekuwepo Juba ni mmoja tu, Jada, kijana aliyelelewa Kenya, anayepakua mizigo ya ndege pale uwanjani. Nikapanda boda nikamfuata. Nilimkuta nje ya geti la mizigo, amevaa lile jaketi la kung'aa, anakunywa soda.

"Wewe ni mtoto wa Mzee Lokule?"

"Ndio, mathe. Kuna shida?"

"Mathe ni nani? Mimi naitwa Mama Kiden."

"Pole, Mama Kiden. Ni vile tunaita mama huko Kenya."

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kisha akatikisa kichwa.

"Mimi nimekulia Kenya. Huo mto mara ya kwanza niliuona nikiwa kwa ndege. Kibari chenyewe, lugha ya baba, najua kusalimia tu. Sasa nitaambia maji nini?"

"Aliyoyasema baba yako."

"Baba alikufa nikiwa mdogo. Aliniachia jina, basi."

"Hilo jina ndilo tunalolitaka."

"Na pasta wangu akisikia nimeenda kuosha mto?"

"Mwambie ulikwenda kuzika."

"Kwani ni kuzika?"

"Ni kuzika bila maiti."

Akaitazama chupa yake. "Nikipata ofu kazini nitakuja, Mama Kiden. Lakini usiniambie ati ni lazima. Hiki kitu kinaniogopesha."

Hakuja. Nilimpigia simu, akasema zamu. Nikampigia tena, akasema malaria. Mara ya tatu simu ililia tu. Mwezi ukaisha, na jiko la Keji lilikuwa baridi.

Tukakaa kikao. Aliyefuata kwenye zamu alikuwa Rose, mjane aliyerudi kutoka Adjumani na watoto na mama mkwe asiyeona. Alikuwa akiuza kuni kwa wenye majiko akingoja lake. Wote walinitazama mimi.

"Haboba, mwezi ni kitu gani? Mtu amefiwa," mmoja akasema.

"Mwezi ni mwezi."

Bwana Taban mwenyewe alikuwepo siku hiyo. Akasema kwa upole, "Mama Kiden, tunaweza kumwongezea."

"Tukimwongezea Keji kwa sababu tunampenda," nikasema, "kesho tutamnyima nani kwa sababu hatumpendi?"

Mama mmoja akasema kwa nguvu nisikie, "Huyu moyo wake ameukausha pamoja na samaki." Wengine wakaguna kumuunga mkono.

Keji hakungoja kuambiwa. Alikwenda mwenyewe akafagia jivu la zamani, akapangusa waya, akampa Rose fimbo ya kuchochea. "Upande wa kushoto unashika moto upesi," akamwambia. "Usiujaze." Rose ndiye aliyelia. Keji hakulia.

Ninyi vijana mmenisema sana kwa siku ile, na huenda ndiyo sababu mmetaka niandike, mwone kama nitaomba radhi. Siombi. Rose naye alikuwa mjane. Tofauti ni kwamba mume wake alikufia nchi kavu, kwa hiyo hakuna aliyemwonea huruma. Sheria inayowahurumia tunaowajua tu haifai kuitwa sheria.

Maji yalikuwa yameanza kupungua Jada alipokuja. Alishuka kwenye boda kutoka mtaa wa Atlabara na jaketi lake la kazi, mkononi ana kibuyu kipya kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akasimama mbele yangu kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Nimeongea na mathe wangu, yuko Kitale," akasema. "Anakumbuka nusu. Unaingia na jivu na kibuyu mpaka maji ifike kiuno. Unaita mtu kwa jina. Unamwambia nyumba imefungwa nyuma yake. Yale maneno yenyewe hajui, kwa sababu yeye si wa ule ukoo."

"Nusu inatosha?"

"Mimi sijui. Nusu ndiyo niko nayo."

Watu wakakusanyika. Wavuvi wakapandisha mitumbwi juu. Keji akaletwa na watoto wake wakasimama ukingoni. Jada akatia jivu kibuyuni, akavua viatu, akauliza kama pana mamba, akaambiwa hapo hapana, akaingia. Maji yalipomfika kiunoni alisimama, akakishika kibuyu kwa mikono miwili. Kisha akaanza kwa Kiswahili, na palepale Mzee Pitia akainua fimbo akamkatiza.

"Maji haya yatasikia Kiswahili?"

Jada aligeuka, nikaona yuko tayari kutoka. Keji ndiye aliyesema.

"Modi alikuwa anakisikia. Tulikaa Adjumani miaka yote ile. Mwacheni aseme."

Mzee Pitia akafikiri, akashusha fimbo yake.

"Modi," Jada akasema. "Mimi ni Jada, mtoto wa Lokule. Maneno ya baba yangu sina. Nimekuja na yangu. Mto ulikuchukua, sisi hatukukutupa. Walikutafuta. Bibi yako Keji yuko hapa, watoto wako wote wako hapa, wazima. Usingoje tena. Nyumba tunaifunga nyuma yako. Wewe enda, na hii maji irudi kuwa maji."

Akamwaga jivu. Mto ukalichukua kwa utulivu, likaenda kama mstari, likapotea. Keji akaingia mpaka magotini, akaosha mikono na uso, akanawisha watoto mmoja mmoja. Hapo ndipo alipolia, na tulimwacha alie. Baadaye nilimuuliza Mzee Pitia kama imekubalika.

"Baba yake alikuwa na sauti kubwa zaidi," akasema, akarudi kwenye nyavu zake. Nikajua imekubalika.

Basi mikono ya Keji ikawa huru, ila hakuwa na jiko. Kwenye zamu alikuwa wa mwisho kabisa. Watu walinitazama tena, wakingoja nimwondoe Rose. Sikumwondoa. Kesho yake asubuhi nikamwita penye jiko langu, lile la kwanza, la udongo wa kichuguu. Nilikuwa nimelitumia miaka yote hiyo kila siku nisiyokuwa kazini. Wakati wa vita vya mjini, mshahara ulipokatika, jiko hilo ndilo lililonilisha.

"Keji, hili ni la nani?"

"Ni lako, haboba."

"Si la mradi?"

"Ulilijenga kabla yao. Kila mtu anajua."

"Basi sheria haina neno hapa. Lichukue."

Alilitazama, akanitazama. "Mpaka lini?"

"Nimekwambia lichukue. Nyuma lina ufa, uzibe kabla ya mvua."

"Na wewe utakausha wapi?"

"Mimi nimemaliza."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hilo, hata mimi mwenyewe sikuwa nimejiambia. Nilipolisikia likinitoka mdomoni nikajua ni kweli. Magoti yalikuwa yamekwisha, jicho la kulia moshi ulishalichukua. Nikamkabidhi Bwana Taban funguo za stoo ya mradi wiki hiyo hiyo. Yule mama aliyesema moyo wangu nimeukausha alinibebea mfuko mpaka barabarani.

Nilicho nacho leo ni hiki. Kiwanja mtaa wa New Site, chenye hati. Nyumba ya vyumba viwili, matofali ya kuchoma, paa la mabati. Choo changu mwenyewe. Kioski mbele ya nyumba, ambamo binti wa mdogo wangu anauza sukari, sabuni na vocha za simu. Mbuzi wanne. Vitanda viwili, kimoja cha mgeni. Redio. Jicho moja zima. Mwaloni sina kitu. Samaki nanunua kwa Keji, kwa bei ya watu wote. Alitaka kunipa bure, nikamrudisha.